Mlio wa Kurudi Nyuma

Jumapili, 3 Machi

Masika yameanza leo mchana, na gari nalo limeanza kelele. Nilikuwa dirishani nikitia uzi kwenye cherehani, mume wangu akilitoa gari kinyumenyume kupitia uchochoro. Ngo-ngo-ngo-ngo, kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa ngumi. Alipofika barabarani akaweka gia ya kwenda mbele, mlio ukakata palepale.

Aliporudi nikamuuliza, "Baba Kidosho, gari lina nini?"

Akasema, "Lina mafuta ya kutosha. Unataka kwenda wapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Jumatatu, 4 Machi

Ngo-ngo-ngo. Mvua tena. Sare kumi bado hazina vifungo.

Alhamisi, 7 Machi

Nyumba yetu imebanwa. Kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani kuna uchochoro wenye upana wa gari na mtu mmoja mwembamba. Gari huingia kwa pua na kutoka kwa mkia; huko nyuma hakuna nafasi ya kuligeuza, kuna jiko, bomba na kamba za nguo. Tumezoea.

Mama mkwe, ambaye anakaa nasi tangu magoti yalipomgomea mwaka jana, ameukalia uchochoro huo. Ua wa nyuma umekuwa tope tupu, na pale kuna paa linaloning'inia kidogo, hapanyeshi. Anaweka kigoda chake, anachambua maharage, anasikiliza majirani. Macho yake yamechoka lakini masikio ni ya msichana. Akisema nyumba ya tatu wanakuna sufuria iliyoungua, kaulize, ni kweli.

Leo asubuhi gari lilipoanza kunguruma kinyumenyume, nilimwona akiinuka, akabeba kigoda chake taratibu hadi mlango wa jikoni, akasubiri lipite, akarudi.

"Siku hizi gari la mwanangu linapiga hodi," akaniambia. "Adabu hiyo hakuwa nayo zamani."

Jumamosi, 9 Machi

Nimegombana na mume wangu kwa sababu ya mlio. Nilisimama kando ya gari, yeye ndani, rivasi imeingia, mlio unapiga hadi bati la jirani linaitikia. Nikamwambia, "Si huo? Si huo hapo?" Akanitazama kana kwamba ninamuuzia kitu asichokitaka.

"Mimi sisikii kitu."

"Husikii?"

"Gari zima kabisa. Wewe unapenda kutafuta ubaya."

Akaondoka. Miaka yote ya ndoa tumekosana kwa mengi, lakini hajawahi kuniambia uso kwa uso kwamba kitu kilichopo hakipo. Nimeshona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Ikabidi nifumue.

Jumanne, 12 Machi

Mvua usiku kucha na bado. Ngo-ngo-ngo saa ya kwenda karakana yake ya useremala. Kidosho, binti yetu, amelala na daftari kifuani. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anatutazama sisi wazazi wake kama wapangaji wakorofi.

Jumamosi, 16 Machi

Tumekwenda kwa fundi magari. Watu wanamwita Bomba kwa sababu ukimuuliza hali, bomba. Ukimuuliza gari lako limekufaje, bomba. Gereji yake ni uwanja wenye paa upande mmoja, na upande usio na paa leo ulikuwa ziwa.

Bomba akamwambia mume wangu arudi nyuma kidogo, aende mbele, arudi tena. Mlio ukaja na kuondoka kama tulivyotarajia. Akalala juu ya boksi, akaingia chini ya gari.

"Fundi, unasikia zaidi ukikata kona au ukinyoosha?" akamuuliza mume wangu kutoka huko chini.

Mume wangu akawa anatazama mvua.

"Fundi," Bomba akarudia.

"Kesho tu," mume wangu akajibu. "Kesho nina kabati la kupeleka."

Bomba akachomoa kichwa chini ya gari, akanitazama mimi. Nikatazama chini. Niliona haya. Seremala mzima, mtu anayeheshimika, anamjibu mwenzake ovyo kama mlevi, na hanywi.

Bomba akasema ni pedi za breki, zimelegea, ukirudi nyuma zinacheza. Akabadilisha. Wakati wa kutoka gereji ilibidi kurudi nyuma, na mlio ulikuwa palepale, haujapungua hata chembe. Mume wangu akanigeukia akitabasamu.

"Umeona? Limepona."

Ngo-ngo-ngo, chini ya miguu yetu. Na yeye anatabasamu.

Jumatano, 20 Machi

Nayaandika haya yakae mahali nje ya kichwa changu.

Simu yake ikiita haishiki. Akiona jina baadaye anaandika ujumbe, hapigi. Runinga anaifungulia hadi majirani wanajua habari kabla hawajafungua zao. Birika likipiga mluzi mbele yake anakaa tu hadi mimi nitoke chumba cha cherehani. Tangu kabla ya mvua analala akinipa mgongo, upande mmoja tu, na nikimsemesha hajibu. Zamani tulikuwa tunapiga soga mpaka mmoja anasinzia katikati ya neno.

Jana fundi msaidizi wake wa karakana, mtu mzima mwenye familia, alipita hapa kuniaga. Ameacha kazi. "Shemeji, mimi na bosi hatuna ugomvi," akasema, "lakini unamsalimia mtu haitiki mara ya kwanza, wala ya pili. Unamwonya ubao unakuja, anakupuuza. Sijui nimemkosea nini. Kudharauliwa nako kunachosha."

Kwa hiyo si mimi peke yangu. Nilidhani ameanza mambo ya nje. Sasa nadhani ni kiburi, kimemwingia uzeeni kama unyevu unavyoingia ukutani. Nisipoangalia nitaanza kumchukia.

Jumatatu, 25 Machi

Ukungu umeota nyuma ya kabati. Mlio. Nimeacha kumwambia.

Jumatatu, 1 Aprili

Mama mkwe aliniuliza kwa nini siku hizi sisemi na mwanawe mezani. Nikamwambia, "Mama, nikisema ananijibu ya jana." Akaendelea kuchambua maharage. Akatupa zima, akabakiza lililooza. Si kawaida yake.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo nimelichukua gari mwenyewe. Leseni ninayo, ila huwa siendeshi kwa sababu ya uchochoro. Kidosho alitembea nyuma akinielekeza: njoo, njoo, njoo, kata, mama kata. Mama mkwe alikuwa jikoni akijisemea kwamba leo kuta zitakoma.

Bomba alipotuona akasema, "Pedi zimegoma?"

"Hazina kosa. Ugonjwa uko kwingine."

Safari hii hakulala chini. Alifungua boneti, akaniambia nikae kwenye usukani, nikanyage breki kwa nguvu zangu zote, niweke rivasi, nipige mafuta kidogo. Akaweka jiwe nyuma ya tairi, kwa kutoniamini nadhani.

Nikafanya hivyo. Boneti ilinizuia kuona, ila niliona uso wa Kidosho ukibadilika.

"Mama," akasema, "injini imeruka."

Bomba akanyanyua mkono nizime. Aliniita nishuke nitazame, akamweka Kidosho kwenye usukani na maelekezo yaleyale. Nikaona kwa macho yangu: gia ya mbele inaingia, injini imetulia, rivasi inaingia, injini yote inainua bega upande mmoja kama mtu anayeamka kitandani kwa hasira.

"Injini haikai juu ya chuma kitupu," Bomba akanieleza. "Inakaa juu ya mipira. Mmoja umekatika. Ukienda mbele, uzito unaulalia, huoni kitu. Ukirudi nyuma injini inajivuta upande wa pili, inanyanyuka, inavuta na bomba la moshi, na bomba linagonga sakafu ya gari. Ndiyo hodi yenu hiyo. Injini imeteguka kiuno."

"Na siku ile hukuona?"

"Siku ile nililala chini na gari limezimwa. Mgonjwa akilala hakohoi." Akajisikia vibaya, nikamwona. "Niwie radhi, mama. Ningeuliza zaidi, lakini mzee alikuwa hajibu."

Akabadilisha mpira. Tulikaa hadi alasiri, mvua ikinyesha kwenye ile nusu isiyo na paa. Alipomaliza nilirudisha nyuma kutoka gereji na hakukuwa na kitu. Injini ilipumua tu. Nilijikuta nataka kulia, si kwa gari. Kwa sababu sasa nilikuwa na ushahidi kwamba sikuwa naota.

Nyumbani mama mkwe alishtuka kutuona jikoni.

"Mmerudi saa ngapi? Sikuwasikia."

Nilimwambia mume wangu kwamba kilikuwa kitu kweli, mpira ulikatika. Nilisema taratibu, nikimtazama, maana nilitaka aniombe msamaha. Akaelewa kila neno. Akasema, "Haya. Ulikuwa sahihi." Halafu akabaki ananitazama mdomoni kwa muda, hata nikajipangusa nikidhani nina makombo.

Jumatatu, 8 Aprili

Kimya. Gari linatoka kama paka. Sijui kwa nini sifurahi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua imeshika kasi. Mapaa yote yanapiga ngoma, mtu hasikii mwenzake chumba cha pili. Mume wangu peke yake ndiye mchangamfu. "Leo tuko sawa wote," alisema mezani. Hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

Jumamosi, 13 Aprili

Lazima niandike.

Ilikuwa asubuhi. Mvua ilipungua ikawa manyunyu. Mama mkwe alitoka na kigoda chake na beseni la maharage, akakaa pale pake uchochoroni, mgongo kwa gari. Mume wangu alikunywa chai, akachukua funguo, akapita mlango wa nyuma, akaingia ndani ya gari. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Niliiona taa ya nyuma ikiwaka. Niliona gari likija.

Hakuna kilichogonga. Hakuna hodi. Mama mkwe hakuinuka kwa sababu hapakuwa na cha kumwinua. Mvua ilikuwa inachuruzika bado kwenye bati, na injini ilikuwa imepona.

Nikapiga kelele dirishani, "Simama! Baba Kidosho, simama!" Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, kioo cha mlango wake kiko wazi, anatazama kioo cha pembeni, uso umetulia kabisa. Nikapiga kelele tena. Ndipo mama mkwe akageuka, akainuka nusu, akasema, "Mwanangu." Si kelele. Alimwita tu, kama anavyomwita mezani. Bampa ikamsukuma kwenye ukuta, akaanguka upande, beseni likaingia chini ya tairi likapasuka.

Gari liliendelea. Kidogo tu, lakini liliendelea. Kidosho alitoka jikoni mbio, akajirusha mbele ya gari, akapiga boneti kwa viganja vyote viwili. Mume wangu alimwona. Akasimama.

Alishuka akiwa amekasirika. "Una nini wewe?" akamwambia Kidosho. Kisha akaona kigoda. Akaona mama yake chini.

Alipiga magoti topeni. Mama mkwe alikuwa mweupe midomo, lakini alimshika shavu, akamgeuzia uso wake, akamwambia polepole, akitamka kila neno mdomo ukiwa wazi:

"Nimeteleza. Nimeteleza, mwanangu."

"Umeteleza, mama?"

Akaitikia kwa kichwa. Na juu ya bega la mwanawe akanitazama mimi na Kidosho. Sitasahau macho yale. Yalitufunga midomo.

Tulimpeleka hospitali kwa gari hilohilo, mimi nikiendesha, kwa sababu mikono ya mume wangu ilikuwa haishiki kitu. Njia nzima alikuwa akisema, "Nilihisi nimekanyaga beseni. Nilijua ni beseni." Mfupa wa nyonga umevunjika.

Jumatano, 17 Aprili

Wamemfanyia upasuaji. Amezinduka vizuri, analalamikia chakula.

Mume wangu alipotoka kutafuta maji ya kunywa, mama mkwe alinivuta kanga. "Usimwambie."

"Mama, wewe ulijua?"

"Tangu kabla ya mvua. Nilikuwa namwita akiwa amenipa mgongo. Naita kidogo, hajibu. Naita zaidi, hajibu. Nikimpitia mbele, ananiamkia kama ndiyo kwanza anaamka." Alipumzika kidogo. "Mwanangu hasikii. Zile mashine zake za mbao zimemla masikio. Na anajua. Ndiyo maana anakutazama mdomoni."

Nilikaa kwenye kitanda jirani kilichokuwa kitupu. Kila kitu nilichokiandika humu kilikuwa kinajigeuza: birika, simu, fundi msaidizi, mgongo wake kitandani. Analalia sikio zima, mjinga mimi. Sikio linalobaki analizika kwenye mto, huku mimi upande wa pili nahesabu dharau.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Seremala kiziwi nani atampa kazi? Nilisema namlinda. Mwambie nimeteleza. Nitakufa nimeteleza." Akafumba macho. "Akijua amenivunja mwenyewe, hatainuka."

Sikuahidi. Lakini sikukataa.

Jumapili, 21 Aprili

Kidosho hasemi nami. Nilimweleza yote, kwamba baba yake hasikii, kwamba bibi hataki. Akasema, "Kwa hiyo kesho akitoka na gari, nani atajirusha mbele?" Nikamwambia nitaficha funguo. "Mpaka lini, mama?"

Jumatano, 24 Aprili

Funguo alizipata. Alikwenda kuchukua mbao, akarudi salama. Nilisimama barabarani kwenye mvua mpaka nilipoliona gari. Mwanamke wa mkabala aliniuliza namsubiri nani. Watoto wa shule walikuwa wanavuka madimbwi kwa kurukaruka, wanarudi nyuma, wanasukumana, vicheko tele. Nikamwona mume wangu anavyopita kati yao na gari, macho mbele, asisikie hata kimoja.

Jumanne, 30 Aprili

Nimesema.

Nilimfuata karakana alasiri. Mashine zilikuwa zimezimwa. Alikuwa anapiga msasa kwa mkono, mlango wa kabati, mgongo kwangu. Vumbi lilikuwa limemkalia mabegani. Nilisimama mlangoni, na niseme ukweli, nilitafuta njia rahisi. Nikasema kwa sauti ya kawaida, nyuma yake:

"Baba Kidosho, mama hakuteleza. Ulimgonga na gari."

Msasa ukaendelea, kwenda na kurudi. Akapuliza vumbi. Akapapasa mbao kwa kiganja.

Nikarudia, kwa sauti zaidi. Akaanza kuimba kwa mdomo uliofumba.

Ningeweza kuondoka. Ningekuwa nimesema na sijasema, na mama mkwe angebaki na neno lake. Nilisimama pale hadi nikaona ni woga tu. Nikazunguka meza, nikasimama mbele yake, nikamshika mkono wenye msasa. Akashtuka, akatabasamu. Akatazama mdomo wangu.

"Hakuteleza," nikasema.

Tabasamu lilichukua muda kuondoka.

"Nani?"

"Mama. Nilikuita dirishani. Yeye alikuita. Gari lilikuwa linakwenda."

Hakubisha. Nilijiandaa kwa ubishi na haukuja. Aliweka msasa chini, akaulaza sawasawa na ukingo wa meza. Akakaa juu ya rundo la mbao.

"Aliniita akisemaje?"

"Mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Baadaye akasema, "Nilidhani sauti itarudi. Kila asubuhi naamka nasikiliza kama imerudi. Halafu nikaona nyie hamjajua, nikasema basi, nitawahi. Nitajifunza kuwaangalia midomo kabla hamjajua." Akapangusa uso, vumbi likawa uji. "Siku ile uliponiambia gari linapiga kelele. Nilikwenda nalo hadi barabara tupu, nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, nikaweka kichwa sakafuni. Sikusikia kitu. Nikaona heri niseme wewe ndiye unaota."

Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na hasira bado, na nikamwambia hivyo, usoni, ili aione. Akasema anastahili hasira hiyo. Kisha akatoa funguo mfukoni, akaniwekea kwenye paja.

Ijumaa, 3 Mei

Daktari wa masikio amempima. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki kidogo. Kifaa kitasaidia kidogo hicho, si zaidi. Mashine asizikaribie bila vizibo vya masikio. Mume wangu alimwomba aandike, akasoma mwenyewe mara mbili, akakunja karatasi.

Fundi msaidizi alikuja jioni. Kidosho ndiye aliyemfuata. Walizungumza nje wanaume hao wawili, ana kwa ana, karibu mno kama wanaotaka kupigana. Jumatatu anarudi kazini.

Jumatatu, 6 Mei

Hakujanyesha leo.

Tumekwenda wodini sote watatu. Mama mkwe alipoona jinsi mwanawe alivyoingia, alijua. Akanitupia jicho moja kali, jicho ambalo bado sijalilipia, kisha akageukia ukuta.

Mume wangu akavuta kiti. Hakukaa upande aliokuwa, akakibeba akazunguka kitanda hadi upande wa ukuta, mahali ambapo kiti hakienei, akajibana hapo mbele ya uso wake.

Mama mkwe akaanza kusema. Alisema haraka, akilia na kufoka kwa pamoja, kwamba aliteleza, kwamba watu wasimsikilize mwanamke huyu, kwamba yeye ni mzee na miguu yake ilishakufa zamani. Mume wangu alimwacha mpaka pumzi ikamwishia. Muuguzi alikuwa mlangoni akisubiri na sinia la dawa, hakuingia.

Ndipo akamshika mama yake kidevu, kwa vidole viwili, kama anavyoshika ubao kuutazama kama umenyooka.

"Sijapata hata neno, mama," akasema. "Anza tena. Sema polepole. Nakuangalia."